Kordi za Bibi Tumsifu

Mwalimu Generosa alinipa ile ahadi mwezi wa tisa, tukiwa tunakunja magodoro ya watoto baada ya usingizi wao wa mchana. Alisema darasa la wadogo litabaki bila mwalimu kuanzia Januari, kwa sababu Priska anahamia Singida kumfuata mumewe.

"Sitaki kuajiri mtu nisiyemjua," alisema. "Lakini na wewe Evodia, nikupe darasa kwa lipi? Wasaidizi wazuri wako wengi. Wenye diploma wananipigia simu kila siku. Nionyeshe kitu kwenye mahafali. Nataka mtu anayeweza kuwashika watoto arobaini bila kushika fimbo."

Mimi nilikuwa msaidizi tu pale shule ya awali ya Ihumwa. Kuosha mikono ya watoto, kugawa uji, kutafuta kiatu cha pili, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kidato cha nne nilimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na mimba ya Tumsifu, nimekaa dawati la nyuma kwa sababu tumbo halikuingia kwenye yale ya mbele. Ualimu wa awali nausomea sasa, jioni vilevile. Darasa lile nililitaka sana. Nilishaanza kuwaza dirisha lipi nitalitundikia karatasi za rangi na mkeka nitautandika upande gani jua lisiwapige watoto. Nikipita mlangoni pake nilikuwa napunguza mwendo.

Kitu cha kuonyesha ndicho sikuwa nacho.

Tunaishi mtaa wa Kikuyu, vyumba viwili vya uani, nyumba ya mama yake Shamimu. Mume wangu Gideoni yuko kwenye ujenzi wa barabara upande wa Kondoa, anakuja siku za mapumziko. Mama yake ndiye anayekaa nami. Alikuja kutoka Gulwe kunisaidia kulea, akaleta karanga, kibuyu, na ilimba ya marehemu baba mkwe ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Mimi ni mtu wa Karagwe, kwetu hatuna ilimba. Mara ya kwanza kuiona nilidhani ni kasanduku ka kuwekea chumvi, mpaka nilipoona ndimi nyembamba za chuma zimepangwa juu yake, za kupigwa kwa vidole gumba. Mama alisema ni kitu cha wanaume, yeye anaipiga kwa ajili ya mtoto tu. Na kweli, Tumsifu akiisikia anasinzia, hata kama kijiko bado kiko mdomoni.

Siku hiyo nilikuwa nachambua mchicha uani, namsimulia mama habari za Generosa. Shamimu alikuwa dirishani kwake anasikiliza bila kujificha. Shamimu anafanya kazi bungeni, anaandika yale waheshimiwa wanayoyasema, neno kwa neno, kwa hiyo kusikiliza ameshakuzoea. Alitoka na gitaa lake mkononi.

"Gitaa," alisema. "Watoto wakiliona wananyamaza wenyewe."

"Sijawahi hata kulishika, Shamimu."

"Na mimi sikuzaliwa nalo. Kata kucha za mkono wa kushoto, halafu uje."

Nilikata kucha.

Nilidhani kupiga gitaa ni kuwa na vidole vyepesi. Kumbe mwanzo wake ni maumivu. Shamimu alinionyesha kordi tatu, G, C na D, akasema kwa hizo tatu nitaimba nyimbo za watoto mpaka nizeeke. Kidole kinabonyeza karibu na kile chuma kidogo kinachokata shingo ya gitaa, anakiita freti. Si juu yake, wala si mbali nayo. Ukikosea, uzi unalia kama nzi aliyenaswa kwenye kikombe.

"Kidole kisimame," alikuwa ananiambia. "Hicho kimelala. Kinaugusa uzi wa jirani, ndiyo maana haulii."

"Kinauma."

"Kitauma wiki hizi, halafu kitaota sugu. Na usikamue hivyo, si chuchu ya ng'ombe. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, kitulie tu."

Mama alikuwa kwenye kigoda, Tumsifu mapajani. Alicheka pale aliposikia habari ya ng'ombe. "Ng'ombe wa kukamuliwa hivyo angempiga teke," alisema.

Kubonyeza kordi moja nilijifunza haraka kiasi. Kuhama ndiko kulikonishinda. Nikitoka G kwenda C, mkono unaachia kila kitu, vidole vinatafutana hewani, na wimbo unakuwa umeshafika nyumbani na kuvua viatu. Shamimu akanikataza kuimba kwa muda. Nihame tu, kimyakimya, G kwenda C, C kwenda G, huku maharage yanachemka. Mkono wa kulia nao ulikuwa na masomo yake: chini, chini na juu, juu na chini na juu. Nilikuwa nauimba mwendo huo nikifua, nikimvalisha mtoto, hata darasani jioni mwalimu wa saikolojia akifundisha mimi natikisa kalamu, chini, chini na juu.

Wimbo nilitunga mwenyewe, mfupi, wa zabibu, kwa sababu watoto wetu wengi wanapita kwenye mashamba ya mizabibu wakija shule:

Zabibu changa, subiri jua,
zabibu mbivu, shuka kikapuni,
ya kwangu moja, ya dada moja,
ya bibi nyingi, maana hana meno.

Baadaye, nilipowaimbia watoto, mstari wa mwisho waliupenda kabla hata sijamaliza kuuimba.

Mwezi wa kumi ulipoanza, Shamimu akaambiwa anasafiri na kamati. Walikuwa wanakwenda kukagua miradi mikoa ya kusini, na baada ya hapo Bunge linaanza, kwa hiyo angekuwa anarudi kulala tu. Akaniachia gitaa.

"Likipoteza sauti usihangaike nalo," alisema. "Mimi natyuni kwa simu, kuna kitu nimepakua. Hicho kisimu chako cha kitochi hakiwezi. Nisubiri nirudi."

Na mimi ningemsubiri kweli, kama si Tumsifu.

Nilikuwa naanika nguo. Gitaa nimelilaza kitandani, mlango nimeurudishia, sikuufunga. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye mto, ameshika vile vikazio vya juu vya nyuzi, anavizungusha kimoja baada ya kingine, ulimi nje, ametulia kabisa. Nyuzi zilikuwa zimelegea mpaka zinaning'inia. Hakukata hata mmoja, hilo nalishukuru. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuwapigia watoto kwa mara ya kwanza, na Mwalimu Generosa alikuwa ameshawaambia Anti Evodia anakuja na gitaa.

Nilikaa kizingitini nikaanza kukaza kwa kubahatisha. Kila nilipokaza mmoja, wa pili ulionekana umeharibika. Mama alinitazama kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na ilimba.

"Unatafuta sauti?"

"Natafuta, mama. Sijui ilikuwa wapi."

"Sauti ziko hapa," alisema, akaigonga ilimba kwa kidole. "Zote ziko. Chagua."

Nililiona ni jambo la busara kabisa. Sauti ni sauti, nilijiambia, ilimradi iwe na mahali pa kuanzia. Tukakaa tumeelekeana. Mama anagonga ulimi mmoja wa chuma na kuuacha ulie, mimi nakaza uzi taratibu kuufuata. Macho yake alikuwa ameyafumba.

"Bado. Bado. Imepita, rudi. Kidogo. Hapo." Akafumbua macho. "Hapo zinasalimiana."

Tulimaliza nyuzi zote sita jua likiwa bado juu ya ukuta. Nilipopitisha mkono bila kubonyeza popote, gitaa lilitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa Shamimu, mnene, kama watu wanaoguna pamoja. Tumsifu alilaza kichwa begani kwa bibi yake.

Kisha nikabonyeza G. Mama alikunja uso kama aliyepewa mtindi uliopitiliza.

"Toa hicho kidole."

"Kipi?"

"Cha katikati. Kinazigombanisha sauti."

Nikatoa. Uso ukalegea nusu. Akasema na hiki cha mwisho kisogeze, hapana, kitoe nacho, eh, sasa rudisha kile cha kwanza. Ndivyo tulivyokwenda, mimi naangalia uso wake badala ya vidole. Mwisho wake G ilikuwa na kidole kimoja, C ilikuwa na viwili, na D ilikuwa haina kitu, mkono mtupu tu. Nikaona maendeleo makubwa. Kuhama kulikonitesa mwezi mzima sasa kulikuwa kunyanyua kidole na kukishusha. Nikafikiri labda ndivyo inavyokuwa mtu akishazoea, mambo yanarahisika.

Watoto walinyamaza wenyewe, kama Shamimu alivyosema. Nililifunga gitaa kwa kanga mgongoni, nikapanda gari la Ihumwa, nikaingia darasani, na kabla sijakaa walikuwa wameshakaa. Wimbo waliudaka siku hiyohiyo. Siku zilizofuata walianza kuupamba. Kuna binti mmoja, Stara, mdogo kuliko wote na mwenye sauti kuliko wote, alikuwa akifika kwenye "ya bibi nyingi" anaipeleka sauti mahali fulani pa chini kidogo, sijui niseme pananukia moshi, na wenzake wakamfuata. Mimi sikuwafundisha. Gitaa ndilo lilikuwa na sauti hiyo, wao waliifuata. Walikuwa wanauimba kwenye foleni ya uji, chooni, getini wakisubiri wazazi. Mwalimu Generosa alikuwa anapita nje ya dirisha, anasimama kidogo, anaendelea. Hakusema kitu, na kwa Mwalimu Generosa kutosema kitu ni dalili njema.

Jumatano ya wiki ya mahafali alikuja Jordan, kijana wa mjini anayekodiwa pamoja na spika zake na kinanda. Mzungumzaji mzuri, shati limepigwa pasi. Watoto walipangwa kwa mistari, mimi na gitaa langu pembeni.

"Dada, unapiga kwenye ki gani?" aliniuliza.

"Ki gani kivipi?"

"Unaanzia wapi? G? C?"

"G," nilisema, kwa sababu jina hilo nililijua.

Akabonyeza G yake, nami nikapiga yangu. Sijui nielezeje. Ni kama milango miwili imefunguliwa kwa pamoja na yote miwili inahitaji mafuta. Watoto wa mbele waliziba masikio. Jordan akajaribu kupandisha, akajaribu kushusha, akabonyeza vidude vyake vyote, akarudi alipoanzia. Kisha akatoka nyuma ya kinanda akaja kuniinamia, akagonga nyuzi zangu mmoja mmoja.

"Dada, gitaa lako limelewa."

Watoto walicheka wakaanza kuyumbayumba kama walevi. Mwalimu Generosa alikuwa mlangoni, mikono amekunja.

"Evodia, kuna tatizo?"

"Dogo, Mwalimu. Nitalirekebisha."

"Mahafali ni Jumamosi," alisema, akaondoka. Si kwa hasira. Angeondoka kwa hasira ningepata nafuu.

Bahati nzuri Shamimu alikuwa amerudi mapema jioni ile, Bunge limeahirishwa. Nilimkabidhi gitaa bila kueleza. Alipitisha mkono mara moja, akanitazama, akapitisha tena, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji.

"Nani kakutyunia hivi?"

Macho yangu yalikwenda kwa mama, naye mama akaona. Alikuwa anapepeta mchele. Aliacha.

"Nimeharibu?" aliuliza.

Shamimu alinyamaza hapohapo, akainuka. "Hapana, bibi. Shikamoo, hata sijakusalimia. Hujaharibu. Umelipeleka kwenu tu. Lina sauti za ilimba, ila gitaa lina mpangilio wake, na kinanda ni hivyohivyo. Ndiyo maana vinagombana."

"Marahaba," alisema mama, akarudi kwenye ungo, lakini alipepeta polepole kuliko kawaida.

Shamimu alitoa simu yake akakaza nyuzi upya, akanirudishia. Nikaweka vidole vyote vya G, vile vya zamani. Vilikumbuka. Ikatoka G safi kama maji, na C, na D, na sugu zilikuwa zimeshaota hivyo sikuumia. Nilijisikia mwanamuziki. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni nzuri," alisema. "Ni ya redioni."

Alhamisi nilikwenda shule nikiwa na furaha. Nilipiga G, nikawapa ishara watoto. Mstari wa kwanza walikuja, wa pili wakasitasita, na walipofika kwa bibi, sauti yao ilishuka pale pao pa siku zote wakakuta hamna kitu pale. Kila mmoja alikwenda kutafuta kwake. Nikasimamisha.

"Tuanze tena," nilisema.

Tukaanza tena. Stara alinyoosha mkono. "Anti, gitaa linakosea."

"Halikosei, mama. Sasa ndiyo liko sawa. Ninyi fuateni."

"Linakosea," alisema, na wengine wakaitikia kwamba ndiyo, linakosea.

Niliwaimbia mwenyewe jinsi ya kwenda. Wakanisikiliza kwa heshima, wakaimba vilevile walivyozoea. Nikawaimbia tena. Nyuma kule mmoja akamvuta mwenzake kofia, wawili wakaanza kupigana mateke, mwingine akaomba kwenda chooni na wanane wakamfuata. Nilipogeuka, Mwalimu Generosa alikuwa dirishani. Darasa lote lilikuwa limenitoka mikononi na mimi bado nimeshika gitaa lililo sawa.

Ijumaa ikawa vilevile, labda mbaya zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wanaimba kwa kunong'ona, kama watoto walioambiwa wamekosa bila kujua kosa lenyewe. Hicho ndicho kilichoniuma. Darasa nilikuwa nimeshaanza kulihesabu kuwa limepotea, lakini kwamba watoto waliokuwa wanaimba mpaka chooni sasa wananong'ona, na mimi ndiye niliyewanyamazisha, hapo nilishindwa kula chakula cha mchana.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama, "Naomba ilimba."

Alinitazama. "Shamimu amesema gitaa lina mpangilio wake."

"Linao, na amesema kweli. Lakini watoto nao wana wa kwao."

Shamimu alitukuta tumeelekeana kama ile siku ya kwanza, uzi wa tatu tayari. Aliweka mkoba chini.

"Evodia, fikiri vizuri. Wazazi wengine pale ni watu wa wizarani, wengine wanapiga vinanda makanisani. Watasema huyu hajui kupiga."

"Sijui kupiga, Shamimu. Wakisema hivyo hawatakuwa wamekosea. Lakini watoto wanajua kuimba, na mahafali ni ya kwao."

"Na darasa lako?"

Nilikaza uzi kidogo. Mama alisema bado.

"Generosa alisema anataka mtu wa kuwashika watoto," nilimjibu. "Jana niliwaachia. Leo niliwaachia. Na kesho nikiwaachia mbele ya wazazi wao, anipe darasa kwa lipi?"

Shamimu alikaa kwenye kigoda cha tatu, akavua viatu vya ofisini. Baada ya muda alisema, "Uzi wa nne umepita."

"Haujapita," alisema mama.

"Samahani, bibi."

Jumamosi asubuhi nilimfuata Mwalimu Generosa akiwa anahesabu viti vya plastiki chini ya turubai. Nilimwomba amwambie Jordan asipige kinanda kwenye wimbo wetu, tubaki mimi na watoto peke yetu. Aliniuliza kama nina uhakika. Nilisema nina uhakika na watoto, gitaa sina uhakika nalo. Akasema ni juu yangu, na jinsi alivyosema "ni juu yako" nilielewa maana yake yote.

Upepo ulikuwa mwingi, ule wa kabla ya mvua, unaojaza vumbi kwenye soda. Watoto wamevaa majoho ya bluu yanayong'aa, kofia zimewafika puani. Wazazi walijaa mpaka nje ya turubai, wenye suti, wenye baibui, akina bibi wa vijiji vya jirani na mitandio yao. Mama alisimama nyuma kabisa na Tumsifu mgongoni. Mshereheshaji alitutaja, Jordan akakunja mikono juu ya kinanda chake, nikapitisha mkono kwenye nyuzi.

Mzazi mmoja wa mstari wa mbele, mwenye tai, aligeuka akamtazama mkewe. Nyuma yake mtu alicheka, si kwa ubaya, cheko la kushtuka. Nilisikia masikio yangu yanapata moto. Vidole vilitaka kusimama. Lakini watoto hawakuwa wanamtazama mwenye tai, walikuwa wananitazama mimi, na uso wa Stara chini ya ile kofia ulikuwa umefunguka kabisa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Wakaingia.

Waliimba kama walivyokuwa wanaimba getini. Walipofika kwa bibi asiye na meno, wote walishuka pamoja mahali pale pa chini, na gitaa lilikuwa pale linawasubiri. Tukarudia. Mara ya pili, kutoka kwenye mitandio kule nyuma, mwanamke mmoja aliweka sauti yake chini ya sauti za watoto, bila maneno, kisha mwingine akaweka ya kwake juu, wakaenda nao. Sijui kama wengine walielewa kilichokuwa kinaendelea. Mwenye tai alikuwa anaangalia simu. Kofia mbili zilianguka, mtoto mmoja akalia akaendelea kuimba huku analia.

Katikati ya yote hayo wapishi walikosea muda wakaleta keki. Ilipita mbele kabisa, ghorofa tatu, ya bluu na nyeupe, imebebwa na watu wawili wakipambana na upepo. Mimi mwenyewe niliitazama. Watu wazima wote waliitazama.

Baadaye, sherehe ilipoanza kupoa, nilimkuta Mwalimu Generosa bombani anaosha kisu cha keki.

"Jordan anasema lile gitaa halikuwa sawa," alisema bila kugeuka.

"Amesema kweli, Mwalimu. Nililifuatisha na ilimba ya mama mkwe wangu."

"Kwa makusudi?"

"Mara ya kwanza kwa kutojua. Leo kwa makusudi."

Akakung'uta kisu. "Kuna mzazi ameniuliza kama mwalimu wa muziki bado anajifunza. Nimemwambia ndiyo." Aligeuka sasa. "Keki imepita, Evodia. Keki ya ghorofa tatu. Nilikuwa nimesimama ubavuni, nawaona wote. Hakuna mtoto aliyegeuza shingo."

Akafunga bomba.

"Januari uchukue darasa la Priska. Lakini wale watakuwa watoto wapya, wametoka kila kona ya nchi hii, na kinanda shuleni nitanunua siku moja. Ujifunze na huo mpangilio wa watu wote. Sitaki kusikia tena ugomvi ule wa Jumatano."

"Nitajifunza, Mwalimu."

"Na kordi ya F ujifunze. Binti yangu anapiga, anasema F ndiyo inayowatoa wanafunzi machozi."

Nilitoka pale kumtafuta mama. Alikuwa amekaa kivulini ukutani, amemteremsha Tumsifu, ambaye alikuwa na keki mashavuni, kwenye nywele na ndani ya kiatu, na sasa anajitahidi kuipaka kwenye kitenge cha bibi yake.

"Amekupa?" mama aliuliza.

"Amenipa."

"Watoto wangapi?"

"Wanaweza kufika arobaini."

Mama alimwangalia Tumsifu, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa.

"Arobaini," alisema. "Na huyu mmoja anakushinda."